Safari ya Umeme hata Tabaka

Msomaji, ubonyezapo swichi jioni na taa ikawaka, yaelekea hukumbuki kwamba mwanga huo una historia. Lakini historia hiyo haifahamiki vema mpaka tujue kwanza umeme huendaje.

Ndani ya waya wa shaba mna vijipande vidogo mno viitwavyo elektroni. Visukumwapo, mwendo wake twauita mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Nguvu ivisukumayo hupimwa kwa volti. Kizuizi kilichomo njiani ni ukinzani, hupimwa kwa omu, neno lililotokana na jina la Mjerumani Georg Ohm, aliyetangaza kanuni yake mwaka wa 1827: gawanya volti kwa omu, utapata ampea. Tena mkondo hauendi ila njia yake iwe mzingo kamili, kwenda na kurudi. Njia hiyo ndiyo saketi. Swichi huikata na kuiunga. Fyuzi ni waya mwembamba uyeyukao mkondo ukizidi. Mtu atiaye msumari mahali pa fyuzi amemfukuza askari wake mwenyewe.

Pwani iliuona umeme mapema. Seyyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib huko Unguja mwaka wa 1883, nalo lilikuwa jumba la kwanza kisiwani kupata taa za umeme. Mwaka wa 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alinunua mashine ya umeme ya Sultani, ikaletwa Mombasa. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel alipewa ruhusa ya pekee ya kuuza umeme Nairobi. Kampuni za miji hiyo miwili ziliungana mwaka wa 1922, ikazaliwa East African Power and Lighting Company.

Kisha likaja bwawa la Owen Falls, Jinja, lililofunguliwa mwaka wa 1954. Nyaya za volti 132,000 zilivutwa kutoka Tororo mpaka Nairobi, zikapita juu ya mashamba ya watu wasiokuwa na hata taa moja. Wanafunzi wangu wa ualimu huuliza kila mwaka: kwa nini hawakuchotewa kidogo? Jibu la kwanza ni la hesabu. Wati ni volti mara ampea. Basi volti zikiwa nyingi, ampea chache zatosha kupeleka wati zile zile. Na ampea zikipunguzwa mara kumi, joto lipotealo njiani hupungua mara mia. Ndiyo maana umeme wa mbali husafirishwa kwa volti nyingi, ambazo haziwezi kuingia nyumbani bila transfoma ya kuzipunguza.

Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Transfoma ni fedha, na fedha zilimfuata mnunuzi mkubwa. Tazama maporomoko ya Gogo, katika mto Kuja, ambao sisi huku juu twauita Gucha. Katika miaka ya 1950 yalijengewa mtambo wa umeme kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Maji yaliyoshuka kutoka vilima vya Gusii yalimulika mgodi, hali vijiji vyetu viliendelea na vibatari. Hapo hapakuwa na kizuizi cha elimu. Palikuwa na uamuzi wa watu.

Baadaye sana, mwaka wa 2015, serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuunganisha nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na ada ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000.

Sasa mchonga mawe wa Tabaka, aliyezoea panga, kisu na msasa, aweza kufikiria mashine. Na afikirie kwa hesabu. Taa ya wati 60 katika volti 240 huvuta robo ya ampea. Mashine ya kukata ya wati 1,200 huvuta ampea 5, yaani mara ishirini. Waya mwembamba uliotosha taa utapata moto. Na kwa kuwa jiwe letu hulowanishwa linaposuguliwa, sakafu huwa maji matupu. Mtu asimamaye hapo peku, akigusa waya uliochunika, huwa mwili wake ndio saketi.