Maradhi ya Kuhara katika Jeshi la Marekani, Ghuba (1990–1991)
Maradhi ya kuhara yaliyowapata askari wa Marekani waliopelekwa Saudia kuanzia Agosti 1990, baada ya Iraki kuivamia Kuwait, yamehifadhiwa katika tarehe ya utabibu wa kijeshi kwa kuwa adui huyu aliingia kambini kwa njia ya sahani, kabla bunduki hazijalia. Katika askari 2,022 waliosailiwa, ambao aghalabu walikuwa wamekaa huko kiasi cha miezi miwili, asilimia 57 walikiri kuwa waliugua kuhara walau mara moja, na asilimia 20 kwamba walishindwa kwa muda kutimiza wajibu wao. Vijidudu vilivyoonekana zaidi ni shigela na aina ya koli itoayo sumu tumboni. Na tuhuma ikaziangukia mboga mbichi zilizonunuliwa huko huko, hususan majani ya saladi, chakula ambacho mtu aliyechoshwa na makopo na joto la jangwa ni muhali kukikataa. La kutia hofu zaidi, kati ya shigela 113 waliopimwa, asilimia 85 hawakudhurika kwa kotrimoksazoli, dawa iliyotegemewa siku zile, ilhali siprofloksasini iliwashinda wote.