Nani Anabeba Muamala? Seva za Programu Tumizi baada ya J2EE

Ijumaa moja mhasibu wa chuo nilichokuwa nakitengenezea mfumo wa ada aliniita ofisini kwake, akanionyesha jina la mwanafunzi kwenye skrini. Mwanafunzi alilipa kwa simu mara moja. Mfumo ulimwandikia mara mbili, kwa namba ileile ya risiti, malipo yakipishana sekunde chache. "Huyu anatudai," alisema mhasibu, "na mwenyewe hajui." Kisha akafunua karatasi nyingine yenye majina yaliyopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Hao walilipa, fedha zikaonekana benki, lakini mfumo haukuwaandika kabisa.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa kisasa: huduma ndogondogo ndani ya kontena, ujumbe wa JSON, seva za kukodi kwenye wingu. Kosa halikuwa la benki wala la kampuni ya simu. Lilikuwa letu, na ni kosa ambalo seva nzito za mwaka 2000 zilibuniwa kwa sehemu kubwa ili mwandishi wa programu asilifanye. Wanafunzi wa kompyuta husikia darasani kwamba seva ya programu tumizi imekufa. Mimi naona kwamba kazi zake ziligawanywa kama mirathi, na katika mgawanyo huo kazi moja haikupata mrithi, nayo ni kuhakikisha kwamba muamala unakamilika wote au unafutika wote.

J2EE, kiwango cha Java cha kujengea programu za mashirika, kilipotolewa Desemba 1999, Sun Microsystems iliyaahidi mabenki na mashirika makubwa mgawanyo wa kazi ulio wazi. Mwandishi wa programu aandike kanuni za biashara tu. Mengine yabebwe na seva, iwe WebLogic, WebSphere au, baadaye, JBoss. Mengine hayo yalikuwa mengi: miunganisho ya hifadhidata, usalama, foleni za ujumbe, na muamala unaogusa mifumo miwili kwa pamoja. Huu wa mwisho ulisimamiwa kwa makubaliano ya awamu mbili. Tuseme fedha zinatolewa kwenye hifadhidata na papo hapo ujumbe unawekwa kwenye foleni. Seva huuliza pande zote mbili kama ziko tayari. Kila upande huandika kwenye kumbukumbu zake za kudumu kabla ya kuitikia. Wote wakiitikia, seva hutoa amri ya kuthibitisha. Mmoja akikataa, wote hurudi nyuma. Umeme ukikatika katikati, seva ikiamka husoma daftari lake na kuendelea palepale ilipoachia. Mwandishi wa programu hakuandika hata mstari mmoja wa hayo.

Bei yake ilikuwa kubwa, na sitaki kuipamba enzi ile. Kwa toleo la 2 la EJB, mfumo wa vijenzi wa J2EE, kijenzi kimoja kidogo kilidai violesura viwili, darasa la Java na faili la XML la maelezo. Ukibadilisha neno moja, unawasha seva upya na kwenda kunywa chai. Leseni nazo zilihesabiwa kwa idadi ya prosesa. Mwaka 2002 Rod Johnson alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba programu nyingi hazikuhitaji mzigo huo, na kutokana na msimbo wa kitabu hicho ikazaliwa Spring, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2004. Wasomaji wake wengi hukumbuka alichokitupa na kusahau alichokibakiza. Spring iliondoa EJB, lakini ikaacha mwandishi aendelee kutangaza mipaka ya muamala kwa maneno machache na kuuacha usimamiwe na mwingine. Johnson alijua kipi ni samani na kipi ni nguzo ya nyumba.

Huduma za wavuti zilikwenda njia nyingine. SOAP 1.1 ilifikishwa W3C mwaka 2000, WSDL ikafuata mwaka 2001, na pamoja nazo UDDI, orodha ya dunia nzima ambamo kampuni zingetafutana zenyewe bila binadamu kupiga simu. (Orodha hiyo ya umma ilifungwa Januari 2006, na sijakutana na mtu aliyeililia.) Lilikuwepo hata jaribio la kuvusha muamala wenyewe kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa kiwango kilichoitwa WS-AtomicTransaction. Halikushika, na sababu yake inaeleweka: benki gani itakubali rekodi za wateja wake zifungwe zikisubiri jibu la seva ya duka la mtu? Mwaka 2007 Pat Helland aliandika wazi kwamba mifumo mikubwa sana itabidi ijifunze kuishi bila miamala ya aina hiyo.

Kwa hiyo ushindi wa REST, mtindo uliofafanuliwa na Roy Fielding katika tasnifu yake ya mwaka 2000, ulikuwa wa haki. Lakini kuna jambo ambalo hupitwa haraka. REST kwa kawaida hutumia amri za HTTP zenyewe, na viwango vya HTTP vinasema kwamba amri za PUT na DELETE zikirudiwa, matokeo ni yaleyale. POST haitoi ahadi hiyo. Na malipo, kwa kawaida, ni POST.

Tazama Daraja, kiolesura cha M-Pesa ambacho Safaricom ilikifungua kwa waandishi wa programu mwaka 2017. Seva yako huomba tokeni inayodumu saa moja, kisha hutuma namba ya mteja, kiasi, na anwani ya kurudishia majibu. Jibu la papo hapo husema tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja huona kisanduku kwenye simu yake, huingiza namba ya siri, ndipo jibu la kweli linapokuja kwenye anwani uliyoitoa: 0 ikiwa malipo yamefaulu, 1032 ikiwa ameghairi. Muundo huu ni sahihi, kwa sababu binadamu hafungiwi ndani ya muamala wa hifadhidata huku akitafuta miwani yake. Ila katikati ya majibu hayo mawili, anayejua hali ya malipo upande wako ni wewe mwenyewe.

Na mifumo inayobeba programu yako haikusaidii hapo. Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, inarithi vizuri kazi ya kuwasha, kuzima na kuongeza nakala. Ikitaka kuhamisha kontena, huipa sekunde 30 kwa kawaida, kisha huiua. Kama ilikuwa imeshapokea taarifa ya malipo lakini haijaiandika, hilo halimo katika hesabu zake. AWS Lambda, huduma ya Amazon ya mwaka huohuo inayoendesha kazi mojamoja, hurudia kazi isiyosubiriwa jibu hadi mara mbili zaidi ikishindwa. Kwa kazi ya kupunguza ukubwa wa picha, ni neema. Kwa kazi ya kuongeza salio, andaa maelezo ya kumpa mhasibu.

Sasa yanakuja majukwaa yanayoirudisha kazi ile iliyokosa mrithi. Temporal, iliyochipuka mwaka 2019 kutoka Cadence ya Uber, huhifadhi kila hatua ya mchakato ili programu ikianguka iendelee pale ilipofika. Hatua ikishindikana, mwandishi huandika hatua ya kuifidia, wazo ambalo Garcia-Molina na Salem walilichapisha mwaka 1987 kwa jina la saga. Ni daftari la seva ya zamani limerudi, safari hii likiwa na subira ya siku au miezi. Hata hivyo, kila hatua inayogusa nje bado inaweza kurudiwa, na kuifanya irudike salama ni kazi ya anayeiandika. Hilo mitaala yetu hulitaja, kama hulitaja, kwa nusu saa mwishoni mwa muhula.

Pale chuoni, majina yaliyoandikwa mara mbili tuliyamaliza kwa mstari mmoja: namba ya risiti iwe ya pekee kwenye jedwali, ijayo mara ya pili ikataliwe. Hifadhidata zimekuwa na uwezo huo tangu kabla sijaanza shule. Kwa waliolipa wasiandikwe, tuliandika programu inayouliza hali ya kila ombi lililonyamaza. Hupata wengi, si wote, kwa hiyo mhasibu bado huchapisha taarifa ya benki kila Ijumaa, huweka rula chini ya mstari wa kwanza, na kuanza kushuka.