Homoni au Kichocheo? Historia Fupi ya Istilahi za Hedhi

Huulizwa mara kwa mara kwa nini vitabu vya sayansi hutumia neno "homoni" hali "kichocheo" ni neno letu na lafahamika kwa wote. Swali ni la haki, na jibu lake limo katika historia ya neno lenyewe.

Mwaka 1905 Ernest Starling alilitumia neno hilo katika mihadhara yake mjini London. Alilitoa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea au kusukuma. Mnamo 1902, yeye na William Bayliss walikuwa wamegundua kwamba utumbo hutoa kemikali ipitayo katika damu na kuifanya kongosho itoe majimaji yake. Kwa kongosho jina lilifaa. Kwa hedhi lilikuja kupwaya.

Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hukuza vifuko vya mayai katika ovari. Vifuko hivyo hutoa estrojeni, ambayo hujenga utando wa mji wa mimba na, kwa siku nyingi, huizuia pituitari. Estrojeni ikizidi na kudumu, hugeuka ikaisukuma, na yai likatoka. Kifuko kilichobaki hutoa projesteroni, nayo huizuia tena pituitari. Mimba isipotunga, homoni hizo hupungua na hedhi hufika. Je, kinachozuia tukiite kichocheo? Heri neno geni lisilodai maana kuliko neno letu litakalompotosha mwanafunzi.

Neno "estrojeni" nalo lina mkasa wake. Asili yake ni jina la Kigiriki la nzi aumaye ng'ombe hata wakapagawa, lililotumiwa baadaye kwa hali ya mnyama jike anapotaka dume. Madaktari wengi wa karne ya 19 waliilinganisha hedhi na hali hiyo, wakadhani yai hutoka wakati wa damu. Hivyo waliotaka kuepuka mimba walishauriwa kutegemea siku za katikati, ambazo ndizo hasa za kushika mimba! Kosa hilo lilisahihishwa katika miaka ya 1920 na Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria.

Projesteroni ilipata bahati zaidi. Wamarekani George Corner na Willard Allen waliiita "projestini". Watafiti wa Kijerumani, "luteosteroni". Mwaka 1935 walikutana London, wakayaunganisha majina hayo mawili. Laiti kila kamati ya istilahi ingepatana hivyo.

Lakini istilahi sahihi haimwokoi mfasiri asiyeangalia hesabu. Sentensi "yai hutoka siku ya 14" hutafsirika kwa wepesi, nayo ni kweli kwa mzunguko wa siku 28 tu. Ogino alihesabu kwa kurudi nyuma kutoka hedhi ifuatayo. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 35, yai hutoka karibu na siku ya 21. Basi na iandikwe: "takriban siku 14 kabla ya hedhi ifuatayo."