Shosho Hajawahi Kulala Lojing'i

Wiki jana nilikuwa na kazi moja tu: kutafuta chumba Meru, usiku mmoja, watu wawili, vitanda viwili, karibu na hospitali, kisizidi elfu mbili. Ukiniuliza nafanya kazi gani siku hizi nitakuambia naandika. Ukiniuliza kama inalipa nitabadilisha mada. Elfu mbili ndiyo iliyobaki baada ya kutoa nauli.

Dada mkubwa wa shosho amelazwa Meru. Aliolewa upande wa Nkubu miaka mingi iliyopita, shosho akaolewa huku Embu, Runyenjes. Wodi inaruhusu wageni mchana na jioni, na shosho anataka kumwona jioni, kisha amwone tena kesho yake mchana. Kwenda na kurudi siku mbili mfululizo kwa barabara ile ya kona na madaraja, Thuci, Mutonga, Nithi, na yale magoti yake, haiwezekani. Kulala kwa wakwe wa dada yake hataki. Sababu sitazitaja kwa sababu wengine wao wanasoma vitu ninavyoandika. Basi nikamwambia, shosho, tutalala hoteli.

"Hoteli ni ya kula," akasema.

Na hapo yuko sawa. Kenya hii hoteli ni chai na chapati, ni madondo, ni meza yenye plastiki ya maua. Pa kulala panaitwa lojing'i, na ukitamka neno hilo mbele ya watu wazima kuna mtu atakohoa. Nikamfafanulia kwamba namaanisha lojing'i, lakini nzuri, safi, yenye maji moto.

"Mami, mwanamke mzima alale lojing'i? Watu watasema nini?"

Ana miaka themanini na kitu. Nilicheka. Yeye hakucheka. Simu ikanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba alisafirisha maharagwe Nairobi zaidi ya miaka kumi, kila wiki mbili, mvua na jua, na hakuwahi kulala lojing'i hata siku moja.

Nilisoma historia chuo kikuu mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanishinda. Yaani nina elimu ya kutosha kuuliza swali, na si ya kutosha kupewa karatasi ya kuonyesha nimelijibu. Swali lilikuwa hili: mtu anasafirije miaka kumi bila kitanda?

Siku hizo hizo msichana niliyesoma naye, yeye akamaliza, alinitumia picha kutoka Osaka, ametumwa na kampuni. Alikuwa kwenye zile hoteli za biashara za bei nafuu za Kijapani: kitanda, meza yenye upana wa trei, na bafu dogo la kipande kimoja lililotoka kiwandani likiwa tayari. (Mabafu hayo yalibuniwa kwa sababu hoteli moja ya Tokyo, New Otani, ilikuwa inakimbizana na Olimpiki ya 1964 na hakukuwa na muda wa kupanga vigae chumba kwa chumba.) Alichagua chumba kwa simu akiwa ndani ya treni. Dakika tano. Nilimwonea wivu, na si kwa sababu ya bafu.

Hoteli za namna ile ni watoto wa reli. Mwaka huo huo wa 1964 treni ya kasi ilianza kukimbia kati ya Tokyo na Osaka, na watu wa ofisi wakawa wanatumwa mji hadi mji kama barua. Hoteli zikaota karibu na stesheni. Chumba ni kidogo kwa sababu anayelala humo hakai, asubuhi ana mkutano. Lakini kitu kikubwa zaidi ndani ya chumba hicho hakionekani kwenye picha: kimejengwa na mtu aliyeamini kwamba anayesafiri kikazi ni mtu wa heshima, hata kama hana pesa nyingi. Imani hiyo ndiyo nilitaka kujua ilifika lini kwetu, na ilimfikia nani kwanza.

Reli haikufika Meru wala Embu. Ile ya Thika ilizunguka mlima ikaishia Nanyuki, kwenye mashamba ya walowezi. Waliokuja huku kwetu kulala walikuwa wachache, na wengine hawakuja kwa kazi. Walikuja kuvua samaki. Hoteli ya zamani inayojulikana zaidi mjini Embu ni Izaak Walton Inn, na nilipita mbele ya kibao chake utoto wangu wote nikidhani Walton alikuwa mkuu wa wilaya. Kumbe ni mwandishi wa Uingereza aliyetoa kitabu kuhusu uvuvi wa ndoano mwaka 1653. Hajawahi kuona Rupingazi. Hata trauti waliofuatwa kwenye mito ya Mlima Kenya hawakuwa wa huku, waliletwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20. Meru nako kuna Pig and Whistle, na nyumba zake za mbao za enzi hizo hizo, yenye jina la baa za Uingereza. Hoteli za namna hii kote nchini zilikuwa na sheria isiyohitaji kuandikwa mlangoni: mweusi aliingia kwa mlango wa jikoni.

Sasa huyu wa mlango wa jikoni, akisafiri, alilala wapi?

Kwanza, alisafiri vipi. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kung'ata baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa kufanya kazi alibeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Watu walikilinganisha na kengele ya mbuzi. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huendi popote, na ukienda wewe ni mtoro. Baba yake shosho alikuwa nacho. Shosho anakumbuka kikebe, hakumbuki karatasi, kwa sababu wao watoto walikitumia baadaye kuwekea ugoro wa nyanya yao. Mwaka 1947 sheria ikabadilishwa ili wanaume wa rangi zote waandikishwe, na kikebe kikaanza kutoka shingoni.

Miaka mitano tu. Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari, na Waembu na Wameru wakawekwa kwenye kapu moja na Wakikuyu. Ukiwa wa makabila hayo matatu ulihitaji pasi maalum kutoka wilayani kwako. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilizingira Nairobi na kuanza kuchambua watu mtaa kwa mtaa, na zaidi ya watu 20,000 wakaishia vizuizini. Embu kwenyewe watu walitolewa mashambani mwao wakarundikwa kwenye vijiji vyenye handaki na ulinzi. Shosho alikuwa msichana mdogo. Anachokumbuka si risasi, ni saa. Kulikuwa na saa ya kutoka kwenda shambani na saa ya kuwa umerudi, na ukichelewa, lango limefungwa na wewe ni adui. Ananiambia hadi leo jua likianza kushuka akiwa mbali na nyumbani, tumbo linamkaza. Nimekuwa nikidhani ni uzee.

Kwa mwanamke kulikuwa na tabaka lingine juu ya hilo. Mwanamume akionekana mjini bila pasi alikuwa mtoro. Mwanamke akionekana mjini peke yake alikuwa malaya, awe na pasi au asiwe nayo. Na hapa historia inageuka kidogo, kwa sababu hao wanawake walioitwa malaya ndio waliojenga sehemu kubwa ya malazi ya Waafrika Nairobi. Serikali ilitaka wafanyakazi lakini haikutaka kuwajengea. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, miongoni mwa waliojenga nyumba zao pale walikuwemo wanawake wengi wasio na waume, na pesa nyingine ilitoka kwenye kuuza usiku: chai, maji ya kuoga, chakula, kitanda, na ndiyo, mwili. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu yao na akakiita kwa jina la starehe za nyumbani. Nilikisoma chuo, nikaandika insha, nikapata alama ya wastani, na haikunijia hata kidogo kwamba shosho anahusika.

Anahusika. Nilipombana, alisema kwamba alipokuwa akishuka Nairobi na magunia, miaka ya 1960 na 1970, alimalizana na wateja Marikiti jioni na gari la kurudi lilikuwa la asubuhi. Usiku wa kwanza alilala juu ya magunia, akaibiwa kiatu. Kimoja. Usiku wa pili mama mmoja wa maharagwe alimpeleka Majengo, kwa mwenye nyumba mzee, mwanamke. Walilipa sehemu ya sakafu, walipewa chai na maji ya moto kwenye karai, mlango ukafungwa kwa ndani. Alirudi kwa mama huyo kila safari kwa zaidi ya miaka kumi. Guka aliambiwa ni kwa shangazi wa mtu wa kanisani.

"Na lojing'i zilikuwepo?" nikauliza.

"Zilikuwepo. Zilitaka kitambulisho. Mimi ningekitoa wapi?"

Hili ilibidi nilihakikishe, na ni kweli. Wanaume waliandikishwa tangu kipande. Wanawake wa Kenya waliingizwa kwenye sheria ya vitambulisho mwaka 1978, miaka kumi na mitano baada ya uhuru. Kabla ya hapo, mwanamke aliyefika mezani kwa karani wa lojing'i bila mwanamume hakuwa na kitu cha kuonyesha kuwa yeye ni yeye. Shosho alipata chake mwaka wa kwanza kabisa, akapiga picha na leso mpya. Kufikia hapo magoti yalishaanza na safari zikaisha.

Lojing'i zetu basi zilikua bila yeye. Wakulima wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930, na msimu wa malipo wanaume walikuja mjini na walilala mjini, tusiingie sana hapo. Meru ikapata watu wa miraa, ambao hawalali kabisa. Embu ikapata kitu tofauti: ofisi. Baada ya uhuru ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa uliofika hadi mpaka wa Ethiopia. Fikiria mwalimu wa Moyale ambaye faili lake limepotea. Zaidi ya kilomita 600, sehemu kubwa vumbi tupu, juu ya lori la ng'ombe hadi Isiolo, halafu Meru, halafu Embu, aambiwe bwana mkubwa ametoka kidogo, rudi kesho. Ile "rudi kesho" ndiyo iliyojenga vyumba vya bei nafuu vya Embu, kama treni ilivyojenga vya Osaka. Tangu kaunti zianze 2013, semina zimechukua nafasi yake. Ukiona hoteli mpya ina ukumbi na viti vimevalishwa magauni, jua ni marupurupu ya safari yanajenga.

Na zote zina daftari. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, unatoka wapi, unaenda wapi, sahihi. Nilitaka sana kuandika kwamba daftari lile ni kipande kilichopata meza, na nusu yangu bado inaamini hivyo. Lakini Japani nao, kwa sheria ya hoteli ya 1948, ni lazima waweke daftari la wageni, na rafiki yangu alitoa pasipoti kabla ya kupewa ufunguo. Shida haikuwa kuulizwa wewe ni nani. Shosho angependa sana kuulizwa.

Kwa hivyo nilirudi kwenye simu. Lojing'i ya kwanza mwanamume alisema vitanda viwili havipo ila kimoja ni kikubwa, akacheka kicheko nisichokipenda. Ya pili ilikuwa elfu tatu na mia tano na kiamshakinywa. Ya tatu, karibu na steji, dakika chache kwa miguu hadi hospitalini, elfu moja mia nane, vitanda viwili, ghorofa ya kwanza. Nikamwambia kijana wa mapokezi ninakuja na shosho wangu, magoti hayapandi. Akasema kuna kimoja chini, nyuma ya jikoni, kitanukia vitunguu. Nikampigia shosho. Hakuuliza bei. Hakuuliza maji moto.

"Mlango una komeo kwa ndani?"

Nikampigia kijana tena. Aliniambia nisubiri, akaweka simu juu ya meza, na nilisikia redio, sahani, mtu akiagiza chai ya rangi. Alikaa muda. Aliporudi alikuwa anahema kidogo.

"Liko. Na ukitaka tutaongeza lingine."

Akaomba nitume mia tano ya kushikilia chumba, na jina la kuandika. Nikatamka jina langu, kisha nikamwambia afute. Nikampa la shosho, yote matatu, polepole, na nambari ya kitambulisho ambayo aliniambia kwa kichwa, bila kukitafuta.