Kamera Imeingia Maji

Pale Nanganga, njiapanda ambapo barabara ya Ruangwa inaachana na ile ya Lindi kwenda Masasi, mpiga picha mmoja wa harusi aliniomba nimpitilie barua yake ya kudai fidia. Ilikuwa na sentensi moja tu: "Kamera yangu imeingia maji." Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema alikuwa akivuka mto Lukuledi wakati wa masika, akateleza, mkoba ukamponyoka, ukatumbukia.

"Basi, ndugu yangu," nikamwambia, "andika imeingia majini."

Ni silabi moja, lakini imebeba madai yote. Kifaa kikiingia maji, kilichoingia ni maji yenyewe, ingawa sentensi imekipa kifaa nafasi ya mtenda. Fundi simu husema hivyo kila anapofungua simu akakuta kutu ya kijani ndani. Huenda ni jasho la mfukoni, mvuke wa jikoni au unyevu wa miezi mingi. Hiyo ni hali, haina tarehe. Kifaa kikiingia majini, hapo pana tukio lenye siku, saa na mahali.

Bima ya vifaa imejengwa juu ya tofauti hiyo. Kwa kawaida hufidia lililotokea ghafla bila kukusudiwa, wala haifidii uchakavu. Kamera iliyomwagikiwa chai ukumbini ina la kudai. Lenzi iliyoota kuvu kwa kukaa kabatini msimu mzima haina. Mpaka huu ulichorwa zamani, tena baharini. Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza, ya mwaka 1906, inaeleza kwamba hatari za bahari ni ajali za nasibu tu, wala si kazi ya kawaida ya upepo na mawimbi. Jahazi lililovuja kwa uzee halikupata ajali.

Neno ajali nalo limesafiri. Kwa Kiarabu ajal ni muda uliowekwa, hasa wa kufa, na mpaka leo mtu akifariki utasikia wazee wakisema ajali yake imefika. Mkataba wa bima umeligeuza: kwake ajali ni lile ambalo hakuna aliyelitarajia. Bima lenyewe lilitufikia kwa njia ya Bara Hindi, na asili yake hutajwa kuwa neno la Kiajemi bim, yaani hofu.

Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mkataba wa yule mpiga picha hata hivyo ulikuwa wa Kiingereza, naye alikuwa ametia sahihi asichokielewa. Natamani mikataba ya namna hii iseme wazi: "maji ya ghafla" hulipwa, "unyevu wa taratibu" haulipwi. Mpiga picha kama yeye angeelewa kabla ya kulipa ada, na angejua pia kwamba ile -ni haiongezwi kwa hila. Ambaye kamera yake haikutumbukia, aseme maji.

Limebaki neno ninalolipenda kuliko yote: kinga. Husemwa ajali haina kinga, na methali hii ikisikika ofisini pa wakala yaweza kumfukuzisha mteja. Lakini kukinga kuna maana mbili. Ya kwanza ni kuzuia, kama ngao inavyozuia mkuki. Ya pili anaijua kila aliyekulia chini ya paa la bati: wingu likitanda, mama huita, "Kakingeni maji!" na watoto hukimbia na ndoo, sufuria na madumu yaliyokatwa, wakavipanga chini ya michirizi. Hakuna anayedhani ndoo itazuia mvua.

Kwa maana ya ngao, methali inasema kweli: hakuna karatasi itakayozuia Lukuledi kuuchukua mkoba. Bima ni kinga kwa maana ya ndoo. Hupokea matone kutoka kwa wengi, ada ndogo ndogo, ili aliyepatwa apate pa kuchota. Wakala akimweleza hivyo mteja wa Nanganga, hatahitaji kumfasiria zaidi, kwa kuwa huyo tangu utotoni anajua kwamba ndoo hutegwa kabla tone la kwanza halijaanguka.