Nakumatt: duka lililoishi kwa pesa za wenyewe

Leo tuache kidogo mambo ya seva na programu, tuzungumze historia. Usiogope, tarakilishi itaingia tu mbele ya safari.

Muulize Mkenya yeyote Nakumatt iliuawa na nini, utapata majibu mengi. Moto. Magaidi. Carrefour. Familia. Kila jibu lina ukweli wake, lakini mimi kama mtu wa kuandika programu naona chanzo ni kingine: kasoro ilikuwa ndani ya mtambo wenyewe tangu mwanzo, na hayo mengine yaliigusa tu.

Jina Nakumatt ni kifupi cha Nakuru Mattresses. Ndiyo, magodoro! Familia ya Shah ilianzia Nakuru, na duka hilo likakua hadi likawa na matawi zaidi ya 60. Lilivuka mpaka kwenda Kigali mwaka 2008, Kampala 2009, Moshi 2011, na mwaka 2014 likachukua maduka matatu ya Shoprite nchini Tanzania. Kulikuwa na matawi ya saa 24, kadi ya pointi, na yule ndovu kila upande wa mji. Jumba jipya la kibiashara lilipojengwa Nairobi, swali la kwanza lilikuwa kama Nakumatt inakuja.

Sasa pesa za kufungua matawi yote hayo zilitoka wapi? Hapa ndipo penye utamu.

Wewe ukinunua unga, unalipa palepale kwa keshia. Supamaketi nayo haijamlipa msagaji wa unga huo. Mara nyingi makubaliano ni kulipa baada ya siku 30, 60, hata 90. Chukua mfano wangu wa kubuni. Duka linauza bidhaa za shilingi milioni 1 kwa siku (tuhesabu kwa bei ya kununulia, faida tuiweke kando). Bidhaa hukaa kwenye rafu siku 15, na msambazaji hulipwa siku ya 60. Kwa hiyo wakati wowote duka lina deni la milioni 60 kwa wasambazaji, na bidhaa za milioni 15 kwenye rafu. Zile milioni 45 zinazobaki ni pesa taslimu mkononi, bila riba, bila kwenda benki! Fungua tawi la pili linalouza vivyo hivyo, unapata milioni 45 nyingine. Unaona kishawishi? Tawi jipya linaleta pesa hata kabla halijaleta faida.

Kuna maduka makubwa ulimwenguni yanayoishi hivi miaka na miaka, na si dhambi. Shida ni pale pesa hizo zinapogeuzwa kuwa kodi ya pango, majokofu na matawi ya nchi jirani, yaani vitu ambavyo huwezi kuvigeuza tena kuwa pesa wiki ijayo.

Rudi kwenye mfano wetu. Mauzo yakishuka kwa asilimia 20, duka linaingiza laki 8 kwa siku. Katika siku 60 linapata milioni 48, lakini deni linaloiva ni la siku zilizopita, wakati mauzo yalikuwa mazuri: milioni 60. Pengo ni milioni 12, na zile milioni 45 zilishakuwa saruji. Basi wasambazaji wanacheleweshwa. Wakicheleweshwa wanaacha kuleta mzigo. Rafu zinabaki wazi, wateja wanahama, mauzo yanashuka tena, pengo linapanuka... Waandishi wa programu wenzangu mnakijua kitanzi kisicho na mlango wa kutokea. Hicho hapo.

Nakumatt ilipigwa mapigo makubwa njiani. Januari 2009 tawi lake la katikati ya jiji la Nairobi liliteketea na watu zaidi ya 20 wakafa. Tarehe 21 Septemba 2013 Westgate ilishambuliwa, na Nakumatt ndiyo ilikuwa duka kubwa zaidi ndani ya jumba lile. Kibiashara ilisimama baada ya yote mawili. Halafu Carrefour ikaingia Nairobi mwaka 2016. Kufikia 2017 rafu za Nakumatt zilikuwa tupu na wenye majumba wakaanza kuifukuza kwa sababu ya kodi. Nafasi yake Thika Road Mall na Junction ikachukuliwa na Carrefour hiyohiyo. Mpango wa kuungana na Tuskys ulizungumzwa sana, haukufika popote.

Kilichonishangaza ni hiki: mitambo ya kaunta ilikuwa inajua kila paketi ya maziwa iliyouzwa, sekunde ileile. Lakini mauzo ndiyo takwimu inayong'aa. Umri wa deni la msambazaji haung'ai, na kwa kuwa ilikuwa kampuni ya familia isiyouza hisa sokoni, mtu wa nje hakuwa na hesabu za kusoma. Msambazaji mdogo wa mayai aligundua hali ilivyo siku hundi yake ilipokosa kufika.

Uchumi, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1975, ilikuwa imetuonyesha sinema hii mapema. Ilifungwa Juni 2006 na kuwekwa chini ya mrasimu, ikafunguliwa tena mwezi uliofuata, ikarudi soko la hisa 2011. Oktoba 2015 ikafunga matawi ya Uganda na Tanzania, huku wasambazaji wakilia tena. Kwetu tunaita kuzima na kuwasha upya: skrini inarudi safi, kasoro iko palepale. Tuskys nayo ikafuata njia hiyo kuanzia 2020.

Januari 2018 mahakama iliiweka Nakumatt chini ya msimamizi. Madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30: wasambazaji, benki, wenye majumba, na watu walionunua hati zake za mkopo wa muda mfupi. Matawi sita ya mwisho yaliuzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422, na tarehe 7 Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ivunjwe. Katika foleni ya kugawana kilichobaki, mwenye dhamana hutangulia. Msambazaji aliyeleta mayai kwa ahadi ya siku 60 hakuwa na dhamana yoyote.