Ndege Hugongana Zikiwa Chini: Hii Ndio Stori ya Ncha za Mabawa

Kama umewahi kungoja mathree Chala ukienda Taveta, ama kusimama steji ya Voi jioni, hii picha unaijua. Dere anarudi nyuma, makanga ameshuka, anagonga bodi: "Kuja, kuja, kuja... hapo hapo!" Dere haoni huko nyuma. Macho yake ni makanga.

Sasa ipatie hiyo gari mabawa yenye upana wa mita 60, ujaze mafuta ndani ya hayo mabawa, na upakie abiria zaidi ya 200. Hiyo ndio Boeing 787 ya Kenya Airways ikitoka JKIA. Na rubani, maze, ana shida ile ile ya dere wako.

Rubani haoni ncha

Kwenye ndege kubwa nyingi, msee amekaa mbele kabisa na ncha za mabawa ziko nyuma yake mbali. Mwaka 2012 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilisema wazi kuwa marubani wa ndege kubwa hawawezi kuona ncha wakiwa kwenye viti vyao. Ikaomba ziwekwe kamera.

Kona ndio noma zaidi. Umeona basi refu likikata kona, mkia unafagia nje? Bawa limelala kuelekea nyuma, so pua ikigeuka, ncha inaweza kutoka nje kuliko vile ulidhani.

Nafasi ni ngapi?

Viwango vya ICAO vinasema ndege kama Boeing 737 ikiegeshwa iachiwe angalau mita 4.5 kutoka ncha ya bawa hadi kitu kingine. Hiyo ni urefu wa Probox moja na kidogo tu. Zile kubwa kama 787 ni mita 7.5.

Mstari wa njano chini ndio unalinda hiyo nafasi, lakini ulichorwa kwa saizi fulani ya ndege. Ukileta kubwa kuliko hiyo, ama ndege ya jirani ikisimama kabla haijafika mahali pake na mkia ubaki nje, mstari hauwezi kukusaidia.

Imeshatokea

Johannesburg, Desemba 2013, usiku. Boeing 747 ya British Airways iliambiwa ipitie njia moja, ikaenda moja kwa moja kwenye nyingine nyembamba. Bawa likaingia ndani ya jengo la ofisi. Watu wanne waliokuwa ndani ya jengo waliumia kidogo. Mafuta yalimwagika, na ni bahati tu moto haukuwaka.

Atlanta, 10 Septemba 2024. Airbus A350 ya kuenda Tokyo ilipita nyuma ya ndege ndogo iliyokuwa imesimama ikingoja zamu. Bawa likaangusha mkia wa ile ndogo. Hakuna aliyekufa.

Ona kitu moja: zote zilikuwa na ruhusa ya kutembea. Ruhusa ya mnara haimaanishi mtu amekupimia nafasi.

Makanga wa ndege

Ndio maana ndege ikivutwa ama ikiingia mahali pamebana, kunakuwa na wasee wa riflekta wanaotembea kando ya kila bawa na vijiti vya kuwaka. Wakivuka mikono juu ya kichwa, kila kitu kinasimama. Hakuna kubishana.

Kama unatafuta kazi airport, hii ndio kazi watu huona ni ya kusimama tu. Si ya kusimama tu. Huoni ncha vizuri? Simamisha. Kuchelewa dakika tano ni bei rahisi kuliko bawa.

Na ukiwa abiria wa dirishani, usikie mgongano ama uone bawa limegusa kitu, usianze na video. Ita mhudumu saa hiyo hiyo. Mbele huko inawezekana hawajaona, na wewe ndio makanga wa mwisho.